Nimeandika kwenye grupu kwamba mwenyekiti "amekula" fedha. Naweza kufungwa?

SWALI: Wakili, habari za kazi. Kwenye grupu la WhatsApp la AMCOS yetu (chama cha ushirika cha wakulima) ya kahawa, Moshi Vijijini, niliandika kuwa mwenyekiti amekula fedha za pembejeo. Mkutanoni tulisomewa hesabu, shilingi milioni 4 hazina stakabadhi. Sasa anasema atanifunga kwa kashfa. Nifute ujumbe?

JIBU: Usifute kwanza. Kashfa peke yake haikupeleki tena jela. Machi 2019 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, hapo Arusha, ilisema vifungu vya kashfa ya jinai katika Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya, na marekebisho ya 2023 yakaviondoa. Ilikuwa haki kabisa. Kilichobaki ni kesi ya madai, yaani fidia.

Hatari yako iko kwenye kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015: ukisambaza habari unayojua ni ya uongo, kwa nia ya kukashifu au kupotosha umma, faini haipungui shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Lakini mwendesha mashtaka ndiye athibitishe kwamba ulijua ni uongo, na hesabu mlizosomewa zinakusaidia.

Kwenye madai mzigo unageuka: ukisema ni kweli, thibitisha wewe. Hapo "amekula" linakuponza. Hesabu zinasema fedha hazina stakabadhi, hazisemi nani kazichukua. Ungeandika "Milioni 4 za pembejeo hazina stakabadhi, tunaomba mwenyekiti atueleze", ungekuwa salama zaidi. Kutanguliza "inasemekana", au kuficha jina wakati wanachama wote wanamjua, hakuokoi.

Leo piga picha ya skrini ionyeshe tarehe na ujumbe wa juu na wa chini, na simu itunze ilivyo, kwani mahakama hupima ushahidi wa kielektroniki umehifadhiwaje. Iandikie bodi, nakala kwa afisa ushirika wa wilaya, uombe kurasa husika za taarifa ya ukaguzi. Baki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Kisha sahihisha kwenye grupu lilelile kwa maneno niliyokupa, ndipo ufute ule wa kwanza. Usiandike "samahani kwa uongo wangu", utakuwa umekiri kifungu cha 16.

Ukiitwa polisi, nenda na wakili, na uliza unatuhumiwa kwa kifungu gani kabla ya kuandika maelezo yoyote.