Viatu vya kuendeshea gari: anza na kisigino

Dada uliyeanzisha uzi huu, nimesoma swali lako na majibu yote yaliyofuata. Umesema umenunua gari lako la kwanza, la manyuali, unatoka Nyamasaria kwenda kazini mjini Kisumu kila siku, na mara moja moja unapanda Nakuru kuwaona wazazi. Kazini unatakiwa uvae viatu vya visigino virefu. Jioni kifundo cha mguu wa kushoto kinauma. Unauliza uvae nini garini, na kama ni kweli kuwa kuendesha miguu mitupu ndiko bora kuliko yote, maana wawili watatu hapa wameshakuambia hivyo.

Mimi nimefundisha udereva Kisumu miaka mingi, na kabla ya hapo Nakuru. Mwalimu wa udereva anakaa kiti cha kushoto, ana breki yake ya ziada chini ya mguu, na muda mwingi anatazama miguu ya mwanafunzi. Nimeona viatu vya kila namna vikikanyaga pedali. Tena ni jambo tunalolipita haraka mno shuleni. Mwanafunzi anasomeshwa alama na njia kwenye ile bodi ya mji, ule mfano wa barabara unaowekwa mezani, mpaka anaijua kwa moyo, anapelekwa mtihani, anafaulu, na hakuna aliyewahi kumwambia neno lolote kuhusu kiatu chake.

Basi tuanze na kisigino chako mwenyewe, kile cha mguu. Cha mguu wa kulia kinatakiwa kikae sakafuni, usawa wa breki. Mguu unageuka juu yake: sehemu ya mbele ikienda kulia unakanyaga mafuta, ikirudi kushoto unakanyaga breki. Breki ya nguvu sana inaweza kukiinua kidogo, hiyo haina shida, lakini kituo chake ni hapo. Dereva ambaye kisigino kimetulia anaongeza mafuta kidogo kidogo, anapunguza kidogo kidogo, na breki anaipata bila kuitafuta. Kiatu chochote kinachokiondolea kisigino kituo hicho hakifai kuendeshea, hata kiwe kizuri namna gani, hata kiwe kimekugharimu mshahara.

Sasa tazama kiatu cha kisigino kirefu kinavyofanya kazi. Uzito wa mguu unakaa kwenye ncha ndogo, na ncha hiyo inazama kwenye kapeti au inatafuta ule mtoboko ambao kila gari la mtumba linao hapo chini. Nyayo tayari imeshainama, kwa hivyo kifundo kimebaki na nafasi ndogo sana ya kusogea. Unachobakiwa nacho ni kuinua mguu mzima kutoka kwenye paja. Upande wa klachi ndiko hali inakuwa mbaya zaidi, maana klachi inataka uiachilie taratibu pale inapoanza kushika, na hiyo ni kazi ya kifundo. Chukua msongamano wa asubuhi kutoka Kachok mpaka mzunguko wa Kisumu Boys: matatu linasimama ghafla, tuktuk inajipenyeza, bodaboda wanakatiza kulia na kushoto, na wewe unakanyaga na kuachilia, kukanyaga na kuachilia. Kifundo lazima kiume. Viatu vya soli nene inayoinua mguu mzima navyo ni hivyo hivyo, kwa sababu nyingine: hausikii pedali. Unajua umekanyaga breki baada ya gari kupungua mwendo.

Kusikia pedali kwa mguu kuna uzito kuliko watu wanavyodhani. Gari likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Mguu wako ukibabaika nusu sekunde tu, ukitafuta breki au ukichomoa kiatu kilichonasa, umeshakwenda mita 11, karibu matatu mbili za watu 14 zikipangwa moja nyuma ya nyingine. Unaijua ile barabara iliyonyooka kati ya Awasi na Ahero. Ng'ombe wanavuka, watoto wanatoka shule, bodaboda imebeba magunia ya mpunga inaingia barabarani bila kuangalia. Mita 11 hapo ni nyingi sana.

Slipa, au patipati kama wengine wanavyoziita, ndizo ninazoziogopa kuliko visigino virefu. Mwenye visigino anajua amevaa kiatu kigumu na anakuwa mwangalifu, mwenye slipa amejisahau. Nilikuwa na kijana mmoja uwanjani, alikuja moja kwa moja kutoka ufukweni kwa sababu nyumbani kwao wanauza samaki, na slipa zake zilikuwa bado na maji. Nikamwambia simama. Akahamisha mguu kutoka kwenye mafuta, ncha ya slipa ikatangulia ikaingia chini ya breki na kukunjika, vidole vyake vikabaki juu. Alisukuma kwa nguvu zake zote na pedali haikushuka hata kidogo, kwa sababu alikuwa akijisukumia slipa yake mwenyewe. Mimi nilikuwa na breki yangu. Wewe ukiwa peke yako huna ya pili. Toka siku hiyo hakuna mwanafunzi wangu anayewasha gari akiwa na kiatu kisicho na mshipi nyuma.

Japani, kule yanakotoka magari mengi tunayoendesha hapa, mikoa mingi ina kanuni zinazomkataza dereva kuendesha na geta, vile viatu vyao vya mbao, au ndara zinazochomoka mguuni. Uingereza kanuni ya 97 ya Highway Code, kitabu chao cha kanuni za barabarani, inasema mavazi na viatu visikuzuie kutumia vidhibiti vya gari ipasavyo. Hawakutaja kiatu gani, wamekuachia wewe upime, na mimi naona wamefanya vizuri kwa sababu miguu na pedali hazifanani.

Sasa hili la miguu mitupu. Waliokuambia unaisikia breki vizuri ukiwa peku hawajasema uongo. Kama ungekuwa na slipa na hakuna kitu kingine garini, ningekuambia zivue. Lakini siku ya kawaida haikuonyeshi ubaya wake. Ubaya unaonekana siku unahitaji kukanyaga breki kwa nguvu zako zote. Gari lenye ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki, linataka ukanyage mpaka mwisho na ushikilie hapo hapo, huku pedali ikitetemeka chini ya mguu, na ile raba ya pedali ina kingo. Nyayo tupu inaumia, na mwili wenyewe unalegeza bila kuuliza. Joto la Kisumu nalo linafanya nyayo zitoe jasho na kuteleza. Halafu fikiria gari likikuzimikia usiku pale Kapsoit na mvua inanyesha, unashuka na nini kubadilisha tairi?

Na viatu ulivyovivua, umeviweka wapi? Hapa nakuomba sana, dada. Wengi wanavisukuma chini ya kiti au kuviacha pembeni ya miguu. Ukishuka kutoka Kericho kuja Awasi, au ukitoka Mau Summit ukiteremka Sachangwan kuelekea Salgaa, kila kitu kilicho sakafuni kinatelezea mbele. Kiatu kikiingia chini ya breki, au chupa ya maji ikibingirika hapo, breki haishuki. Viatu vya kazini vikae nyuma ya kiti cha abiria au kwenye buti. Ndiyo jibu la tatizo lako la kazini pia: uwe na pea moja inayoishi ndani ya gari. Unaingia na viatu vyako vya ofisini, unabadilisha kabla ya kuwasha injini, ukifika unabadilisha tena. Wanafunzi wangu wanaofanya kazi benki na mahotelini wote wanafanya hivyo na wameshazoea kama kufunga mkanda.

Pea hiyo uichague vipi? Usianze na jina la kampuni. Nenda Kibuye Jumapili asubuhi, soko likiwa limejaa, mitumba ni mingi na wauzaji wana subira. Shika kiatu, kikunje kwa mikono miwili: kinatakiwa kikunjike penye vidole bila kulazimishwa, lakini kisijikunje chote kama karatasi. Bonyeza soli kwa kidole gumba kutoka ndani na usikie unene wake. RAC, shirika la Uingereza linalosaidia madereva, inashauri soli isizidi milimita 10, na kwa niliyoyaona uwanjani hicho ni kipimo kizuri. Kigeuze utazame kutoka chini. Soli isitokeze nje ya kiatu pembeni, maana soli pana ndiyo inayokanyaga breki na mafuta kwa pamoja, hasa kwenye magari madogo ambayo pedali zimesongamana. Ukingo wa nyuma uwe umeviringwa kidogo ili kisigino kigeuke vizuri sakafuni. Mwisho uvae, utembee, uone kama kisigino kinachomoka. Kikichomoka kirudishe.

Mimi binafsi naendesha na Bata ngoma, zile za turubai. Soli ni nyembamba, ya raba, bapa, inashika pedali, na mguu unapumua. Sijapata kitu bora kwa bei ile. Raba za kukimbilia za siku hizi zenye sponji nene nyuma sizipendi garini: ni laini miguuni lakini breki inakuwa mbali na wewe. Kroksi hata ukishusha ule mshipi nyuma bado ni pana mbele, na zikilowa zinateleza. Akala, zile sandali za tairi, naona ni afadhali kuliko slipa kwa sababu zina mkanda na hazikunjiki, ila tairi ni nene na mara nyingi limekatwa likazidi mguu. Viatu rasmi vya ngozi vyenye soli ya ngozi huteleza siku ya mvua, lakini fundi wa viatu anaweza kukubandikia raba nyembamba chini na vikafaa kabisa.

Kwenye mitumba utakutana pia na viatu laini vya ngozi vyenye vinundu vya raba chini, vinavyopanda mpaka nyuma ya kisigino. Hivyo vimetengenezwa kwa kazi hii hasa. Kampuni ya Car Shoe ya Italia ilianza kuvitengeneza mwaka 1963, na vile vinundu vya nyuma ni vya kushika sakafu pale mguu unapogeuka. Ukivipata saizi yako chukua, lakini visitoke garini. Murram ya huku kwetu inavinyoa vinundu hivyo kwa muda mfupi sana.

Umesema Nakuru wazazi wana shamba, kwa hivyo niseme na gambuti. Usiendeshe nazo, hata kwenda dukani tu. Shingo ya gambuti inakibana kifundo, soli ni pana, na udongo unaobaki chini unaigeuza pedali kuwa sabuni. Buti za kazi zenye chuma mbele zina hatari yake: ile pua imeinuka, ukihamisha mguu haraka inagonga breki kwa chini badala ya kupanda juu. Ukitoka shambani au ukikanyaga ule udongo mweusi wa Kano wakati wa mvua, pangusa soli kabisa, hata ngoma zenyewe, kabla ya kuingia. Kitambaa kikae mfukoni mwa mlango.

Ukishapata viatu, kaa garini injini ikiwa imezimwa. Weka kisigino cha kulia sakafuni, geuza kwenda kwenye mafuta, rudi kwenye breki, macho yakiwa mbele. Usikilize kama ukingo wa soli unagusa breki ukipita. Kisha kanyaga klachi mpaka chini kabisa: goti libaki limekunjika kidogo. Likinyooka kabisa, kiti kiko mbali. Na kumbuka, kama kiti ulikipanga ukiwa na visigino virefu, ukivaa viatu bapa kitakuwa mbali zaidi, kipange upya. Nahisi nusu ya maumivu yako iko hapo. Tazama pia raba za pedali zenyewe. Kwenye gari la mtumba ya klachi huwa imelainika kama kigae, na kuibadilisha ni gharama ndogo. Kapeti iwe moja tu, iliyoshikizwa. Ile ya pili wanayotuuzia barabarani, inayolazwa juu ya ya kwanza, itoe. Toyota waliyaita magari karibu milioni 3.8 yarudishwe kurekebishwa Marekani mwaka 2009 kwa sababu kapeti ziliweza kunasa pedali ya mafuta.

Kuhusu kifundo: mguu wa kushoto ukishamaliza kubadilisha gia utoe kwenye klachi, uulaze pale pembeni. Wanafunzi wengi wanauacha ukining'inia juu ya pedali njia nzima, na hapo kifundo hakipumziki. Badilisha viatu, panga kiti, jaribu wiki mbili. Kama bado kinauma, mpe fundi aijaribu klachi yenyewe, maana klachi iliyochoka huwa nzito na kiatu hakiwezi kuiponya. Na kama pamoja na maumivu unasikia ganzi kwenye nyayo, nenda hospitali kabla ya kwenda kwa fundi, na gari mwachie mtu mwingine aendeshe mpaka uonwe na daktari.