Mabinti wapole wa kwenye tamthilia wamekwenda wapi? Jibu la mwenye saluni

Mleta mada, nimesoma uzi wako wote na majibu ya wadau. Unasema zamani steringi wa kike alikuwa binti maskini asiye na hatia, anaonewa mwanzo mwisho ndipo anaolewa, ila siku hizi steringi mwenyewe ndiye anayepanga fitina, anachukua mume wa mtu na bado tunamshangilia. Wengi wamekujibu kwamba maadili yameporomoka, na mmoja kasema ni mpango wa wazungu wa kutuharibia mabinti. Mimi nina saluni ya kike hapa Ngamiani, Tanga, na TV yangu inaongea tangu enzi za deki na mikanda ya VHS. Nitajibu kwa niliyoyaona nikiwa na kitana mkononi.

Kwanza tusimpambe marehemu. Huyo binti tunamkumbuka kama malaika, lakini rudini mkamwangalie. Marimar aliyechezwa na Thalía, ile ya kituo cha Televisa cha Mexico ya mwaka 1994, anaishi kibandani ufukweni na babu na bibi yake. Hajui kusoma, anaongea na mbwa wake Pulgoso kama anavyoongea na watu, na mwanzoni kabisa anaingia shamba la akina Santibáñez kuchukua mboga za wenyewe. María wa María la del barrio, ya mwaka uliofuata, yule muokota taka wa jalalani, mdomo wake haukuwa na breki. Hao si wapole hata kidogo! Walichokosa ni ujanja wa mjini. Hawakujua kwamba watu wa nyumba kubwa wakikuchekea mezani wanakuchimbia shimo jikoni. Kile tulichokiita usafi wa moyo, sehemu kubwa kilikuwa ushamba, na tamthilia yenyewe kazi yake ilikuwa kuuondoa: padre anamfundisha herufi, mtu mwingine anamfundisha uma na kisu, halafu anapatikana baba tajiri aliyepotea.

Visa hivi vina mizizi kwenye redio za Cuba kabla Mexico haijavitia picha. Inés Rodena, mwandishi Mcuba, ndiye chimbuko la Los ricos también lloran ya 1979 na la hao akina Marimar na María. Mwenzake Delia Fiallo katuletea Esmeralda, Cristal na Kassandra. Mtu anayesikiliza redio huku anapiga pasi hawezi kufuata hila kumi kwa mpigo, anahitaji mmoja wa kumlilia na mmoja wa kumlaani.

Na kisasi hakikuletwa na kizazi hiki. Kuna lile tukio la tope ambalo kila mama wa rika langu analijua. Angélica, mama wa kambo wa Sergio Santibáñez aliyemuoa Marimar, anaitupa bangili topeni na kumwambia Marimar aiokote kwa meno. Binti anainama, uso wote tope, anaiuma bangili anainuka nayo. Muda si muda anaitiwa polisi kwamba ni mwizi, anafungwa. Babu na bibi yake wanachomewa nyumba. Halafu? Halafu anarudi na nguo za gharama na jina la Bella Aldama, anawanyang'anya mali, na zamu ya Angélica ya kuinamia tope inafika. Sasa huyo ana tofauti gani na hawa wa leo mnaowasema? Wa leo wameanzia pale alipofikia yeye.

Sasa njooni saluni, maana hapa ndipo nilipojifunza kitu ambacho sijaona mtu akikitaja kwenye uzi huu.

Mteja akishatiwa rola anaingia chini ya draya. Kichwa kimemezwa chote, masikioni ni mvumo tu. Anachopata kwenye TV ni picha. Na picha ya msichana anayeokota bangili kwa meno haitaki sauti. Wateja wangu walikuwa wanalia wakiwa chini ya draya bila kusikia neno moja. Waliokaa kwenye mabenchi nao hawakuwa na nafuu kubwa, kwa sababu tamthilia zilikuja kwa Kiingereza cha kubandika, midomo inakwenda huku na maneno yanakwenda kule.

Kila saluni ilikuwa na mtafsiri wake. Wa kwetu alikuwa msusi wangu mmoja, fundi wa twende kilioni, aliyekuwa akieleza kila kipindi kwa kujiamini kabisa. Siku moja akaenda msibani kwao Lushoto, na kwenye kiti akakaa mwalimu wa sekondari aliyekuja kuweka dawa. Tukamwomba atutafsirie. Loh! Kumbe yule tuliyekuwa tunamwita shangazi ni mama mkwe, kumbe barua haikuibwa, na kumbe binti wetu alishapata nafasi ya kusema ukweli mara tele na hakusema. Wateja walinuna. Mmoja akamwambia mwalimu waziwazi kwamba Kiingereza chake cha shule ndicho kibovu.

Mnaelewa ninakoelekea? Yule binti alikuwa anatutosha kwa sababu hatukumsikia. Ukimya wake tuliujaza wenyewe. Kila mwanamke pale saluni alimtilia maneno yake mwenyewe: huyu anamwona wifi yake aliyemsingizia, yule anamkumbuka bosi wake wa enzi za kazi za ndani. Msusi wangu naye hakuwa mwongo sana, alikuwa anatunga hadithi ya watu waliokaa mbele yake.

Kisha Kiswahili kikaingia. Mwaka 2011 TBC walianza kurusha ile ya Kichina, Doudou na Mama Wakwe Zake, imetiwa sauti za Kiswahili. (Rais Xi Jinping alipokuja Dar es Salaam Machi 2013 aliitaja kwenye hotuba yake, msidhani nakuza mambo.) Doudou ni nesi wa Beijing aliyeolewa kwenye nyumba yenye mama mkwe na mama mkwe wa kambo. Mwema? Mwema. Lakini anasema, anapima, anajua lini anyamaze na lini amjibu mtu. Wateja wangu walianza kugoma kuingia chini ya draya mpaka tangazo lifike. Hilo halijawahi kutokea enzi za Marimar. Baadaye zikaja za Kituruki kwa Kiswahili kupitia Azam, na draya ikazidi kulala njaa.

Ukisikia kila neno, uvumilivu unapungua. Tamthilia ya kila siku ya vipindi kama 150 haiwezi kwenda bila siri kukaliwa, na mkaliaji mkubwa wa siri ni huyo huyo binti: ana mimba hasemi, kasingiziwa hasemi, kamwona muuaji hasemi kwa sababu ameapa. Kwa lugha ya watu unasema maskini, kabanwa. Kwa lugha yako unasikia sababu zenyewe, na sababu zenyewe nyingi ni za kipuuzi. Saluni nzima inapiga kelele, "Si aseme!" Binti ninayemfundisha kusuka, nilipomwekea Esmeralda, yule kipofu aliyebadilishwa na mtoto mwingine siku ya kuzaliwa huku mkunga akiijua siri yote, aliuliza kwa nini hakuna hata mmoja anayemrekodi mkunga kwenye simu. Nikamwambia ni 1997 na ni shambani. Akasema basi wamwandikie barua.

Na kwa Kiswahili huyo binti hajawahi kudumu, tangu zamani. Wa rika langu mnaikumbuka Twende na Wakati ya Radio Tanzania, iliyoanza 1993? Mkwaju dereva wa lori, kila kituo ana mwanamke, na Tunu mkewe yuko nyumbani na watoto. Mwanzo Tunu ni yule yule: anavumilia, anasubiri, analia. Ila hawakumwacha hapo. Akaanzisha biashara yake, akamwacha Mkwaju, na Mkwaju akaishia kwa UKIMWI. Ulikuwa mchezo uliopangwa kitaalamu, kwa njia ya Mmexico Miguel Sabido, na eneo la Dodoma halikurushiwa mpaka 1995 ili watafiti walinganishe. Sabido naye alijifunza kutokana na Simplemente María ya Peru ya 1969, ya mfanyakazi wa ndani anayejikomboa kwa cherehani, ambayo iliwapeleka wanawake wengi kununua cherehani za Singer. Yaani binti mpole alipofika kwetu kwa lugha yetu alifika akiwa tayari ameagizwa abadilike. Mama yangu hakujua habari za Sabido, alijua tu kwamba Tunu kachelewa kuondoka.

Upande wa watengenezaji sitakaa sana. Rubí ya 2004 ilimweka mwenye roho mbaya katikati na mpole pembeni, na hata baada ya Rubí kukatwa mguu na kuharibika uso, kipindi kinaisha anamfunza mpwa wake alipize. La Reina del Sur ya Telemundo, kituo cha Kihispania cha Marekani, 2011, mwanamke anaendesha biashara ya unga, ikaisha kwa vipindi 63. Angalieni hiyo hesabu. Tamthilia fupi haihitaji mtu wa kukalia siri miezi sita, kwa hiyo kazi ya binti mkimya imekufa kama kazi nyingine zinavyokufa.

Kwenye Avenida Brasil ya kituo cha Globo cha Brazil, 2012, nitasimama kidogo. Rita ni mtoto anayetupwa jalalani na mama wa kambo, Carminha. Anakua, anajiita Nina, anarudi nyumbani kwa Carminha kama mpishi. Akishapata picha za siri za bibi mwenye nyumba, siku familia haipo anakaa mezani na kumwamuru Carminha awe mtumishi: apike, aandae, amhudumie. Ni tope la Marimar lile lile, ila hapa hakuna baba tajiri aliyemtafutia nafasi, katafuta mwenyewe kwa sufuria. Kwa kweli mwanzoni nilisimama kushangilia. Baadaye Nina akanichosha, na mtu niliyekuwa namsubiri akawa Carminha, kwa sababu Carminha alikuwa anaogopa, anacheka, anajikwaa. Nina alikuwa amenuna na mpango wake.

Hapo ndipo ninapokubaliana na mleta mada kidogo. Hawa wa leo wengi wanaingia kipindi cha kwanza wakiwa wanajua kila kitu. Hawashangai. Marimar aliposhika uma kwa mara ya kwanza ulikuwa unajifunza naye, na mama wa Ngamiani ambaye hajawahi kukaa meza ya namna hiyo alikuwa anajifunza naye pia. Mlipizaji wa siku hizi hana cha kujifunza. Hilo ndilo ninalolikosa, si ubikira wala unyenyekevu wake.

Najua kuna atakayenishika kwenye tamthilia za jirani. Selina ya Maisha Magic East, 2018, ni binti wa kijijini anayekwenda kufanya kazi za ndani Nairobi kwa matajiri. Maria ya Citizen TV ya Kenya, iliyoanza 2019, Yasmin Said anacheza binti wa mtaa wa mabanda anayeingizwa kwenye jumba la akina Hausa. Sultana ya 2022 ni kipofu, wa Pwani. Zote Kiswahili, zote zilipendwa mpaka huku kwetu kwa njia ya simu. Ni kweli, na hainipi shida. Msikilizeni Maria anavyomjibu Sofia, mchumba wa Luwi, kijana wa hao akina Hausa: hakuna siku neno linalala kooni. Jumba ni lile lile, umaskini ni ule ule, mapenzi na mtoto wa tajiri ni yale yale. Kilichoondolewa ni ukimya, na bila ukimya walilazimika kutafuta vikwazo vingine, ndiyo maana kwenye tamthilia za sasa watu wanatekwa na kupoteza kumbukumbu kila wiki.

Mwisho umeuliza kama tuwazuie mabinti zetu wasiwaangalie hawa walaghai wapya. Mimi pale saluni siwezi kumzuia mtu, kila mmoja ana simu yake na bando lake. Ila akiniuliza aangalie nini, namwambia atafute Yo soy Betty, la fea, ile ya Colombia ya Fernando Gaitán iliyoanza 1999, si ile ya Marekani ya 2006. Betty ni mbichi kwelikweli, anavaa vibaya, anampenda bosi. Lakini ana digrii ya uchumi, na kwa sababu ya mapenzi anamsaidia bosi kuficha hali halisi ya hesabu za kampuni. Hana hatia na anayo kwa wakati mmoja, na huwezi kumwambia "si aseme" kwa sababu akisema na yeye anafungwa. Katikati inapooza kidogo, akina dada wa ofisini wanaongea mno. Usiruke, mambo ya zile hesabu yanapikwa humo humo.