Mbwa aliyeachwa kwenye mnyororo: najisi yake na haki yake

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Isanga hapa Mbeya mjini. Jirani aliyepanga nyumba ya nyuma yetu alihamishiwa Dodoma kikazi mwishoni mwa Mei. Vyombo vyote alipakia kwenye gari, mbwa akamwacha amefungwa kwenye mparachichi. Tangu siku hiyo mimi na mama mmoja wa Kimoraviani tunampitishia ugali na maji kwenye tundu la uzio. Mnyororo umeanza kumla shingo. Mume wangu anasema mbwa ni najisi, na malaika hawaingii penye mbwa, niachane naye. Wengine wananiambia haya ni mambo ya Wazungu. Pia kuna vijana wanaookota mbwa na paka waliotupwa, wanawatibu na kuwatafutia watu wa kuwachukua. Sasa wanachangisha wajenge banda. Je, kumhudumia mbwa huyu nina thawabu au najitia makosani? Na naweza kuwapa vijana hao sehemu ya zaka yangu?

JAWABU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu. Endelea kumlisha. Hilo nalitanguliza kwa sababu mnyama hawezi kungoja nimalize maelezo, na Julai hii baridi ya Mbeya unaijua mwenyewe.

Mumeo hakusema uongo. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii mbwa ni najisi nzito. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo, kama ilivyokuja katika hadithi sahihi. Imam Malik anaona mbwa akiwa hai ni twahara, lakini sikutaki uhame madhehebu kwa ajili ya jambo hili, wala hakuna haja. Hukumu ya najisi inaugusa mwili wako, nguo zako na mahali pako pa kuswalia. Inakwambia uoshe nini na uoshe vipi. Haikwambii umwache afe. Watu wetu wengi wameyachanganya mambo haya mawili, na mimi naona ndiyo asili ya ukatili mwingi tunaouona mitaani: mtu akishasema "najisi", basi anajiona amesamehewa kila anachomfanyia mbwa, hata jiwe.

Angalia wanazuoni hao hao wa Kishafii wanavyosema katika mlango wa tayamamu, yaani kujitwaharisha kwa udongo badala ya maji. Ukiwa safarini una maji kidogo, na pembeni yako kuna mnyama mwenye kiu, maji hayo unampa yeye, na wewe unatayamamu kwa udongo. Wanaotolewa ni wanyama wanaodhuru, kama mbwa mkali anayeshambulia watu. Huyu aliyefungwa mparachichini hayumo. Fikiri uzito wake: udhu, ambao swala haisihi bila huo, unaachwa ukabadilishwa na vumbi ili mbwa anywe maji. Na ni watu walewale waliosema yeye ni najisi nzito.

Msingi wao ni hadithi unayoijua, katika Bukhari na Muslim. Mtu alishikwa na kiu njiani, akateremka kisimani akanywa. Alipotoka akamkuta mbwa anahema, analamba udongo wenye unyevu kwa kiu. Akasema moyoni, huyu yamempata yaliyonipata mimi. Akarudi chini, akajaza maji kiatu chake cha ngozi, akakishika kwa meno akapanda nacho, akamnywesha. Allah akampokelea amali yake na akamghufiria. Masahaba wakauliza kama kweli tuna ujira kwa wanyama, Mtume (s.a.w.) akawajibu kwamba katika kila chenye ini bichi, yaani kila chenye uhai, mna ujira. Wewe unapitisha ugali kwenye tundu la uzio. Ujira uliouliziwa na masahaba ndio huo unaouliza wewe.

Kuhusu malaika, hadithi ni sahihi, nayo inahusu kumweka mbwa ndani ya nyumba. Vilevile yamekuja makemeo ya kufuga mbwa bila haja, ila wa kuwinda, wa mifugo au wa shamba. Imam Nawawi, mwanazuoni wa Kishafii, ameona mbwa wa kulinda nyumba anaingia humo kwa qiyas, yaani kwa kulinganishwa na hao. Kwa hiyo mbwa huyu akihamia uani kwako kuwa mlinzi, kwenye kibanda chake nje, sioni tatizo. Sebuleni na vyumbani asiingie, na hapo mumeo atakuwa radhi.

Ama jirani aliyeondoka, namwombea Allah amwongoze, lakini amefanya dhambi, na si ndogo. Imekuja katika hadithi kwamba mwanamke aliingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia: hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutie wadudu wa ardhini. Kufunga na kuondoka, ndicho alichofanya huyu. Mwenye mnyama akishindwa kumtunza, fiqhi inamtaka amuuze, au amwachie, au amchinje kama analiwa. Mbwa haliwi, na kwetu Shafii hauzwi, basi kilichobaki ni kumpa mtu mwenye haja naye. Simu moja tu ingetosha. Mpigieni mumwambie hivyo, kwa upole. Huenda hajui kwamba mnyama angali hai.

Na wanaosema ni mambo ya Wazungu, waelezeni kwamba Sheikh Izzuddin bin Abdisalaam, mwanazuoni wa Kishafii aliyefariki mwaka 1262, aliandika orodha ya haki za mnyama juu ya mwanadamu. Miongoni mwake ni kumgharimia hata akizeeka au akiugua kiasi cha kutokuwa na faida tena. Makazi ya mbwa ya Battersea kule London, ambayo ni ya zamani sana katika kazi hii, yalianza mwaka 1860. Hesabuni wenyewe ni karne ngapi katikati. Sisemi hivi kuwadharau. Wamefanya kazi nzuri. Nasema tusiikimbie dini yetu kwa kudhani ni ya wengine.

Hata serikali yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Lakini sheria haipiti mitaani saa kumi na moja alfajiri. Mwaka juzi nikitoka msikitini nilikuta mfuko wa simenti kando ya mtaro, umefungwa mdomo kwa kamba ya katani, unacheza. Ndani mlikuwa na paka watano, macho hayajafunguka, wawili wameshakufa. Aliyewatupa aliona haya kuua kwa mkono wake, akaiachia baridi imfanyie. Watatu niliwabeba ndani ya kofia yangu hadi nyumbani. Alipona mmoja. Kofia sikuiosha kwa ajili yao, maana Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, ni katika wanaotuzunguka majumbani. Tangu asubuhi hiyo nikisikia vijana wanajenga banda la wanyama waliotupwa, sisikii mzaha tena. Arusha na Zanzibar kazi hii ipo. Huku kwetu nyanda za juu tunaihitaji, na zaidi miezi hii ya kipupwe.

Zaka, hata hivyo, usiwape kwa ajili ya banda. Aya ya 60 ya Surat At-Tawba imetaja makundi manane ya wanaostahiki, na wanyama hawamo. Kama mmoja wa vijana hao ni fakiri, au amelemewa na deni, mpe zaka yeye kwa ufakiri wake, kisha anunue anachotaka. Banda, dawa na chakula, toa sadaka. Na si lazima iwe fedha: mapumba, mabaki ya bucha, gunia kuukuu la kulalia, siku moja ya kufyatua matofali. Mama wa Kimoraviani mshirikishe. Jambo hili halikuombi ubishane naye dini.

Lililobaki ni la leo. Msiingie uani kwa watu kimyakimya. Mwambieni mwenye nyumba au mwenyekiti wa mtaa, kisha mwiteni afisa mifugo wa kata afungue mnyororo, aangalie kidonda, amchanje kichaa cha mbwa. Watoto wasimkaribie kabla ya hapo. Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, na hospitali siku hiyohiyo. Ukimgusa akiwa na unyevu, au mkono wako una unyevu, osha pale palipogusa mara saba, moja kwa udongo, kisha uswali. Na maji yake mtengee chombo kizito, sufuria nyepesi ataipindua kwa mnyororo usiku, akeshe na kiu.

Wallahu a'lam.