Manyoya yanagandana nikishayatia rangi, nifanyeje?

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Mi ni mpambaji wa maharusi hapa Langoni, Lamu. Natia rangi manyoya ya kuku na bata ya kupambia ukumbi lakini yakikauka yanagandana kama vijiti, na ukiyashika tu rangi inabaki mkononi. Nimeskia zamani huko Marekani kulikua na mafundi wa kazi hii, wao walifanyaje?

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Walikuepo na ilikua kazi ya maana sana, manake karne ya 19 mabibi wa London, Paris na New York walivaa kofia za manyoya ya mbuni, mengi yakitoka Afrika Kusini upande wa Oudtshoorn. Mmoja wa mafundi hao ni Alexander Paul, mafunzo yake yalichapishwa Philadelphia 1888.

Anza na mafuta. Unyoya una mafuta yake, usipoyatoa rangi inakaa juu juu tu. Osha na sabuni kwa maji ya uvuguvugu, pitisha vidole kutoka shinani kwenda nchani, usifikiche. Ya bata osha mara mbili. Halafu rangi yenyewe, unyoya ni protini kama sufu ya kondoo na nywele kwa hivo tafuta rangi ya sufu, tia siki, maji yawe moto lakini yasitokote. Rangi ya kanga za pamba haitakufaa. Zamani nyeusi waliitoa kwenye magogo ya mti wa Amerika ya Kati wakachanganya na chumvi za chuma au za krome, hizo za krome ni sumu achana nazo kabisa. Manjano ya jikoni pia yanashika vizuri ila juani yanapauka haraka.

Sasa hapa kwenye kukausha ndo penye ufundi wote, na ndo unapokosea wewe. Suuza mpaka maji yatoke meupe, koroga wanga mbichi kwenye maji baridi, hata wa muhogo sawa, chovya manyoya, yakamue kwa kiganja, alafu kaa dakani kwenye kivuli chenye upepo uyapigepige kwenye kitambaa kikavu na kuyakung'uta, usiyaache yakauke yenyewe. Mwanzo yatakua yamelala kabisa, endelea tu, utaona wanga unaruka kama vumbi na zile nyuzi zinaachana moja moja mpaka unyoya unajaa. Ya kuku hayatafutuka kama ya mbuni, lakini yale laini ya kifuani yanapendeza mno, jaribu hayo kwanza.