Kwa wauguzi wapya: mtoto akishatoka kwenye katheta

Mnaoanza kazi kwenye chumba cha katheta cha watoto, ambako moyo hufikiwa kwa mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa, mtavutiwa na skrini, na ni haki yenu: kifaa kidogo kinafunguka ndani ya moyo, tundu linazibika, kifua hakijaguswa kisu. Ila mimi nikitaka kujua kazi imekwendaje, kwanza natazama mguu.

Katheta hupitia mishipa ya kinena, na ateri ya mtoto wa kilo 4 ni nyembamba mno. Hujibana, au damu huganda ndani yake. Kabla hajaingia, papasa mapigo juu ya unyayo, miguu yote miwili, na uweke alama ya kalamu ulipoyapata. Akitoka, papasa palepale. Mguu ukiwa baridi, umepauka na mapigo hayapatikani, mwite daktari saa hiyohiyo, usimwachie wa zamu ijayo. Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ikianza mapema, mara nyingi mapigo hurudi.

Damu nayo ihesabuni. Mtoto ana takriban mililita 80 kwa kila kilo, kwa hiyo huyo wa kilo 4 ana kama 320 mwili mzima. Akipoteza 30, karibu sehemu moja ya kumi imekwenda. Funua shuka, pitisha mkono chini ya paja, fungua nepi. Damu hujificha humo.

Matokeo mazuri hayafanani. Aliyezibwa ule mshipa uliotakiwa kujifunga baada ya kuzaliwa, ambao kwenye faili huandikwa PDA, mara nyingi huenda nyumbani kesho yake, eko, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, ikionyesha kifaa hakijahama. Aliyepanuliwa vali ya mapafu kwa puto huenda akahitaji kurudiwa akikua. Kichanga ambaye mishipa mikubwa imebadilishana nafasi ni habari nyingine kabisa. Puto la Rashkind, linalotumika tangu 1966, humpanulia njia kati ya vyumba vya juu vya moyo ili damu zichanganyike. Oksijeni ya damu yake ikipanda hadi asilimia 80 tunashukuru Mungu, wakati muuguzi mgeni anaona 80 na kukimbilia mtungi. Huyo bado anasubiri upasuaji wenyewe.

Halafu kuna wanaoingia kupimwa tu, na huku kwetu si wachache, maana watoto hufika wakiwa wakubwa. Tundu kubwa likimimina damu mapafuni kwa miaka, mishipa ya huko hukakamaa. Daktari akikuta presha ya mapafu iko juu sana, na upinzani wa mishipa haushuki hata mtoto akipewa oksijeni, tundu huachwa wazi, kwa sababu kuliziba kungeuelemea upande wa kulia wa moyo. Mzazi aliyechangiwa nauli na ukoo mzima hawezi kuyapokea hayo akiwa amesimama koridoni. Mtafutie kiti, daktari aeleze, nawe ubaki pale, kwa sababu maswali yatakuja daktari akishaondoka.

Mzazi wa yule aliyezibwa atakuuliza, “Sista, amepona?” Mwambie tundu limezibwa, kisha uendelee: dawa asikatishe mpaka aambiwe kliniki, kidonda cha kinena kikae kikavu, homa isiyoeleweka aje nayo hospitali, si duka la dawa. Na kwenye kadi andika kwa herufi kubwa kwamba ana kifaa moyoni na kiliwekwa lini. Akipelekwa kung'olewa jino ndani ya miezi 6 ya mwanzo, anahitaji antibiotiki kwanza, na daktari wa meno wa wilayani hana njia nyingine ya kujua.