Sheria za Roma dhidi ya anasa: shabaha ilikuwa karamu au rushwa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasomea sheria. Nimekuta kwamba Warumi walitunga sheria za kumpangia mtu chakula na idadi ya wageni wake. Zinahusiana vipi na rushwa ya viongozi?

JIBU: Marahaba. Tazama miaka kwanza. Lex Orchia (lex ni "sheria" kwa Kilatini), iliyopunguza idadi ya wageni mezani, ni ya 182 KK. Mwaka uliofuata ikapitishwa sheria dhidi ya ununuzi wa kura. Sioni kuwa ni sadfa. Karamuni ndiko wagombea walikojipatia watu, na aliyekopa ili apate cheo alijilipa baadaye akiwa gavana, kwa kuwakamua wananchi wa jimbo.

Lex Fannia ya 161 KK ilienda mbali zaidi: asi 100 (sarafu za shaba) kwa sikukuu kubwa, 10 tu kwa siku ya kawaida, na ndege asiandaliwe ila kuku jike mmoja asiyenoneshwa. Wajanja wakaisoma neno kwa neno, wakaanza kunonesha majogoo kwa chakula kilicholowekwa maziwa! Sheria nyingine iliyaacha huru mazao ya shambani, basi wapishi wakaungia uyoga na mboga viungo vya kila aina. Cicero, wakili na mwanasiasa mashuhuri wa Roma, aliyafakamia kwenye karamu moja, akaharisha kwa siku kadhaa, akamwandikia rafiki yake kuilaumu sheria.

Inayokufaa hasa ni Lex Antia, ya karne ya 1 KK. Hiyo ilimlenga ofisa mwenyewe: aliye madarakani, au aliyechaguliwa akingoja kushika kazi, asile kwa watu isipokuwa kwa wachache waliotajwa. Hapo chakula kinahesabiwa waziwazi kuwa mlango wa rushwa. Macrobius, mwandishi Mrumi wa zama za baadaye, anasimulia kwamba mtunzi wake, Antius Restio, hakula tena nje ya nyumba yake maisha yake yote, asije akashuhudia sheria yake ikivunjwa.

Lex Oppia ya 215 KK, iliyowawekea wanawake ukomo wa nusu wakia ya dhahabu, usiichanganye humu. Ilizaliwa na vita dhidi ya Hannibal, jemadari wa Karthago.

Kwa maoni yangu, sheria hizi zilikagua sahani bila kuuliza fedha zilitoka wapi. Swali hilo liliachiwa mahakama ya unyang'anyi ya magavana, iliyoundwa 149 KK, na huko nako majaji walinunulika. Cicero alimshtaki Verres, gavana wa Sicily, mwaka 70 KK, akadai kwamba Verres aligawa mapato ya miaka yake mitatu hivi: mwaka mmoja wake mwenyewe, mmoja wa mawakili, na ule mnono kuliko yote wa majaji.