Swali la lugha: Urithi, turathi au mirathi ya dunia?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Ninakusanya postikadi za maeneo mashuhuri ya dunia, na nyuma ya kila moja huandika maelezo mafupi kwa Kiswahili. Kwenye ile ya Kilwa Kisiwani niliandika "Mirathi ya Dunia". Binamu yangu akanikosoa kwamba ni "Turathi". Redioni nasikia "Urithi wa Dunia". Nifuate lipi? Halafu, wingi ni "mapostikadi"? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Marahaba. Nianze na dogo. Postikadi haibadiliki katika wingi: postikadi hii, postikadi hizi. Ukipenda kusema kadi ya posta, kadi za posta, hujakosea.

Sasa hayo matatu. Ni ndugu wa tumbo moja, yote yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kurithi, lakini Kiswahili kimeyapa kazi tofauti. Mirathi ni mali aliyoiacha marehemu, inayosubiri kugawiwa warithi. Ndiyo maana tunasema kugawa mirathi, kufungua shauri la mirathi, msimamizi wa mirathi. Penye mirathi pana msiba, na mwisho wake ni mafungu: huyu shamba, yule nyumba. Msomaji makini akiikuta "Mirathi ya Dunia" nyuma ya picha ya Kilwa atauliza nani kafa, na nani anagawiwa Msikiti Mkuu. Mkataba wa mwaka 1972 wa UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, unakusudia kinyume chake: mahali patunzwe pazima, pasiwe fungu la mtu.

Urithi una uwanja mpana. Mali imo, lakini lugha, mila na ufundi navyo vimo, na hata maumbile. Hilo ndilo jina lililozoeleka la orodha ya UNESCO ya maeneo ya kutunzwa kwa ajili ya dunia nzima, nami nakushauri ulitumie kwenye kadi zako zote.

Binamu yako naye hajapotoka. Turathi ni vitu vya historia na utamaduni tulivyoachiwa na waliotangulia, na Kenya neno hili limeshika sana. Orodha ya kwanza ya mwaka 1978 ilikuwa na maeneo 12, miongoni mwake makanisa ya Lalibela, Ethiopia, yaliyochongwa mwambani, kisiwa cha Gorée cha Senegali na visiwa vya Galápagos vya Ekuador. Kwa Lalibela na Gorée, sikio langu linaipokea turathi bila shida. Kwa Galápagos, visiwa vya kobe wakubwa na mijusi ya baharini, sipati raha. Pale hakuna fundi aliyetuachia kitu. Urithi unabeba vyote viwili.

Angalia na upatanisho: urithi huu unalindwa, turathi hizi zinalindwa, mirathi hii imegawanywa.

Hili hukuliuliza, lakini mkusanyaji wa picha atalihitaji. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, vilivyoingia kwenye orodha mwaka 1981, ni magofu: majengo yaliyoachwa, kuta zimebaki na sehemu kubwa ya paa zimekwenda. Yalidhoofika kiasi cha kuwekwa kwenye orodha ya maeneo yaliyo hatarini kuanzia 2004 hadi 2014. Nimeona watu wakiliburura neno magofu hadi Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu, kwa sababu tu kuta zake ni za zamani. Tafadhali usifanye hivyo. Kule watu wanaishi, wanapika, wanaolewa, na watoto wanakwenda chuoni kila siku. Mkongwe ni aliye hai.

Basi kadi yako isomeke: "Magofu ya Kilwa Kisiwani, Urithi wa Dunia tangu 1981." Usikwangue wino wala usibandike karatasi juu, utaiumiza kadi. Piga mstari mmoja mwembamba juu ya "Mirathi", andika neno sahihi pembeni, na uweke tarehe ya leo.